Fanksheni Iliyoitwa Angalia

Mwanamvua Ausi alikuwa na miaka thelathini na mbili, na kwa miaka mitano alikuwa akifanya kazi ambayo majirani zake wa Dunda, Bagamoyo, hawakuielewa vizuri. Walijua tu kwamba anashinda ndani na kompyuta. Wengine walidhani kazi yake ni kuwajazia wanafunzi fomu za chuo, na mara kadhaa walimpelekea wajukuu wao na vyeti mkononi. Aliwajazia bila kinyongo, maana kueleza kazi yake hasa kulimchosha zaidi.

Aliandika programu, lakini si zile za kwenye simu ambazo mtu anazigusa kwa kidole. Zake zilikaa ndani ya mashine, mahali pasipo na kioo wala picha, zikiiambia mota iwake, feni izunguke, mlango ufunguke. Mwajiri wake alikuwa kampuni ndogo ya Bunju iliyotengeneza visanduku vya kuongozea vyumba vya ubaridi, vile vyumba vya chuma ambamo samaki hugandishwa. Mwenye kampuni, Mikdad, alikuwa fundi umeme mwenye mikono hodari na subira kidogo. Yeye aliunganisha nyaya, Mwanamvua akaandika programu, na hivi karibuni alikuwa ameajiriwa Mina, binti wa miaka ishirini na sita, amsaidie Mwanamvua kuandika.

Hakuwa amepanga kuishi Bagamoyo utu uzima wake. Baada ya chuo alikuwa na chumba chake Bunju, karibu na ofisi, na marafiki wa kwenda nao kupunga upepo Jumapili. Kisha mama yake akapata kiharusi. Kaka zake wawili walikuwa na wake na watoto mbali, na kikao cha familia kilichoitishwa kwa simu hakikuchukua hata robo saa. Mikdad alikubali afanye kazi akiwa nyumbani. Walisema ni kwa mwaka mmoja, mama akipata nafuu atarudi. Mama hakupata nafuu, wala hakuzidiwa. Mwanamvua akawa mtu wa chumba cha uani chenye dirisha moja lililotazamana na ukuta wa jirani, akimgeuza mama kitandani kila baada ya saa mbili na kurudi kwenye kompyuta. Ndugu zake walipopiga simu walimsifu sana. Alizichukia zile sifa kuliko lawama, maana lawama angeweza kuzijibu.

Programu kubwa hugawanywa vipande vidogo, na kila kipande hupewa jina. Wenyewe wanaviita fanksheni. Ukitaka kazi ya kipande fulani ifanyike, unakitaja kwa jina lake na kuendelea na mengine. Fanksheni nyingi za Mwanamvua zilikuwa za kushughulikia makosa. Kipimajoto kisipojibu, mota ikigoma, waya ukilegea, programu ifanye nini? Ipuuze, ijaribu tena, au isimame kabisa? Mikdad alitaka majina yote yawe ya Kiswahili ili mafundi wake waweze kusoma, na Mwanamvua alilipenda wazo hilo. Alipenda pia majina mafupi.

Fanksheni aliyoitumia kuliko zote aliiita angalia. Ilipokea jibu la kifaa chochote. Jibu likiwa zuri, iliacha kazi iendelee. Likiwa baya, iliandika mstari mmoja wa kumbukumbu kisha ikaisimamisha programu nzima palepale. Alipoiandika, kisanduku kilikuwa bado cha majaribio juu ya meza, na kusimama lilikuwa jambo la busara. Baadaye alihitaji nyingine iliyo laini zaidi, akaiita angalia2. Ya tatu aliiita komesha, nayo haikuwa na ukali wowote. Kazi yake ilikuwa kupunguza mwendo wa feni taratibu mpaka itulie. Mina alipoanza kazi aliuliza tofauti ya angalia na angalia2 ni nini. Mwanamvua siku hiyo alikuwa na nguo za mama za kufua. Alimwambia, "Utazizoea tu," na Mina, akiwa mgeni, hakuuliza tena.

Ijumaa moja ya mwezi wa Machi, saa sita na nusu mchana, Mwanamvua alitoka nyumbani akaenda kwenye chumba cha ubaridi cha kikundi cha akina mama wauza samaki, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Chumba hicho kiliongozwa na kisanduku cha kampuni yao, na tangu jana yake kipimajoto kimoja kilikuwa kikituma namba za ajabu. Kilidai ndani kuna joto la nyuzi arobaini na moja, ilhali samaki wameganda kama mawe.

Alimkuta Bi Naila peke yake. Huyu alikuwa katibu wa kikundi, mwanamke wa miaka sitini na mitatu aliyeuza nguru na pweza tangu ujana wake, mwenye kadi ya mlango shingoni kama mwalimu mwenye filimbi. Wenzake wote walikuwa wamekwenda mazikoni Kaole. Mlinzi, Mrisho, alikuwa ameondoka kwenda kuswali Ijumaa. Mwanamvua alimsalimia, "Shikamoo Bi Naila," akajibiwa "Marahaba mwanangu," na kabla hajauliza lolote akaelezwa kwamba mashine yao ina wazimu.

Penye ndoano nje ya mlango kulikuwa na koti moja zito la kuingilia ndani. Kila mmoja alimsukumia mwenzake alivae, na mwisho hakulivaa yeyote. Bi Naila alisema ni kazi ya dakika mbili. Aligusisha kadi, mlango ukafunguka, wakaingia, nao ukajifunga nyuma yao kama kawaida yake.

Mlango ule ulikuwa na kufuli la sumaku. Mikdad alilifunga mwaka uliotangulia baada ya samaki kuibwa, na akaliwekea betri yake ili mwizi asiweze kulilegeza kwa kukata umeme. Kulifungua kulikuwa na njia mbili, kadi kwa nje na kitufe cha kijani kwa ndani. Njia zote mbili zilipitia kwenye kisanduku. Mtu akibonyeza kitufe, programu ilipokea ishara na kuliambia kufuli liachie.

Ndani palikuwa na urefu wa hatua sita na upana wa hatua nne, rafu pande zote, na feni mbili kubwa juu ya ukuta wa mwisho. Ubaridi ulikuwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Mwanamvua alikiona kipimajoto kibovu nyuma ya rafu ya juu, waya wake umepinda na kushika barafu. Alinyoosha mkono kuukunjua. Waya ulikuwa umekakamaa kwa baridi. Ukakatika shinani, pale unapoingia ukutani, ukabaki vidoleni mwake.

Hakushtuka. Alisema atakuja fundi aweke mwingine, wakageuka kutoka. Bi Naila alibonyeza kitufe cha kijani. Akabonyeza tena. Mwanamvua akamwomba apishe, akabonyeza yeye, akaegemeza bega mlangoni, akabonyeza na kushikilia. Mlango haukutikisika. Hapo ndipo alipoelewa, na aliyaelewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyesoma barua kwa kuitupia jicho mara moja tu. Waya umekatika. Kipimajoto hakikujibu. Angalia imelipokea jibu baya. Programu imesimama, na pamoja nayo imesimama ile sehemu inayosikiliza kitufe. Feni zinaendelea kuzunguka kwa sababu ziliachwa zikizunguka, na kufuli linaendelea kushika kwa sababu liliachwa limeshika.

Alimwambia Bi Naila kwamba mlango umegoma kidogo. Bi Naila alimtazama usoni, akauliza kama watu wa nje wanaweza kuwasikia. Walipiga kelele na kugonga kwa mguu wa rafu. Unene wa mlango ulikuwa shibiri nzima, na nje hapakuwa na mtu.

Simu ya Mwanamvua haikushika mtandao mle ndani ya chuma. Alizunguka nayo kila pembe mpaka akapata mstari mmoja mahali pamoja tu, chini ya feni, pale mabomba yanapotoboa ukuta. Ilibidi anyanyue mkono, simu iwe karibu na tundu la bomba, na upepo wa feni umpige shingoni. Chaji ilikuwa asilimia thelathini na nne. Alimpigia Mrisho, simu ikaita mpaka mwisho. Alimpigia Mikdad, ilikuwa imezimwa. Wanaume wote walikuwa msikitini, na hotuba ilikuwa bado haijaanza. Alimpigia Mina.

Mina alipokea mara moja. Alikuwa peke yake ofisini Bunju. Mwanamvua aliweka simu kwenye sauti ya juu, akamweleza kwa maneno machache. Mina akasema anaweza kukifikia kisanduku kupitia mtandao na kuiwasha programu upya. Akaiwasha. Programu iliamka, ikavisoma vipimajoto, ikafika kwenye kile kilichokatika, ikasimama. Yote hayo hayakuzidi sekunde tatu, na zamu ya kusikiliza kitufe ilikuwa bado haijafika. Akaiwasha mara ya pili, ya tatu na ya nne.

Ilibaki njia moja, kuibadilisha programu yenyewe, ipite kwenye kosa bila kusimama, kisha kuituma upya kwenye kisanduku. Kuituma peke yake kulichukua dakika sita kwa mtandao wa pale. Mina aliifungua programu mbele yake na kuanza kuitafuta fanksheni inayosimamisha. Hakuiandika yeye. Alikuwa na majina tu ya kumwongoza.

"Nimeiona komesha," alisema. "Ndiyo hiyo?"

Sauti ilikatikakatika na feni ilivuma. Mwanamvua alisikia "nimeiona", akasema ndiyo, haraka. Mina akaiondoa komesha, akatuma. Dakika sita. Bi Naila alikuwa ameketi juu ya boksi la karatasi, amejizungushia viroba vitupu, mikono kwapani. Mwanamvua alimvua viatu vilivyolowa, akamfunga miguu kwa mtandio wake mwenyewe. Bi Naila hakulalamika. Aliuliza tu wanazungumza nini, na Mwanamvua akasema wanatafuta neno.

Programu iliamka na kufa tena. Sasa iliiacha feni moja ikienda kasi kuliko mwanzo, kwa sababu komesha ndiyo iliyokuwa ikiituliza.

Mina aliuliza sasa aondoe ipi, angalia au angalia2. Alisema kwake yeye angalia inaonekana ni ya kutazama tu, hivyo anadhani ile yenye mbili ndiyo kali. Na hapo Mwanamvua, aliyeziandika zote mbili kwa mikono yake, akatafuta kichwani na kukuta hakuna kitu. Baridi ilikuwa imempanda mpaka kwenye taya. Alikumbuka meza aliyoandikia, alikumbuka mwezi wenyewe, Ramadhani, akiwa na saumu. Lakini ipi inasimamisha na ipi inaendelea, hakukumbuka. Majina yote mawili yalisema jambo lilelile, na wala halikuwa jambo lililofanyika. Alibahatisha. Alisema angalia2.

Zikapita dakika sita nyingine. Katika dakika hizo alijaribu kurudi pale waya ulipokatikia ili auunganishe, akakuta vidole vyake havishiki tena kitu chembamba. Aliuona uzi wa shaba ukitoka ukutani urefu wa ukucha, na hakuweza kuubana. Alirudi kwenye tundu la bomba. Chaji ilikuwa imeshuka mpaka asilimia tisa, maana baridi huila betri ya simu kama inavyoula mwili wa mtu. Bi Naila alikuwa ameacha kutetemeka, na jambo hilo lilimwogopesha kuliko yote. Alimwamuru asimame. Bi Naila akasema amechoka. Mwanamvua akamshika kwapa akamwinua kwa nguvu, wakasimama wameshikana chini ya feni, yule mzee akiwa amemwegemea kifuani, mkono mmoja wa Mwanamvua umenyanyuliwa na simu.

Programu ikafa tena.

"Mina," alisema, "achana na majina. Fungua angalia yenyewe, nisomee kilichomo ndani, mstari kwa mstari."

Mina akasoma. Mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa saba sauti yake ikabadilika. Alisema, "Dada, hii ndiyo. Hii inazima kila kitu." Mwanamvua akamwambia aiondoe. Mina akasema ipo mahali sitini na moja. Akaanza kuuliza jambo jingine, na simu ikazimika.

Kilichofuata ndicho Mwanamvua alichoshindwa kukisimulia vizuri baadaye. Hapakuwa na cha kufanya. Hakujua kama Mina ataanza kuziondoa moja moja zote sitini na moja, au ataishia njiani, au atapiga simu kwa watu na kusubiri majibu. Wanaume wangetoka msikitini, Mrisho angerudi, angetafutwa fundi wa kukata chuma, naye angekuja na mashine yake. Alizihesabu hatua hizo na kila alipofika mwisho aliona hazitoshi. Hakuweza kumsaidia Mina, hakuweza kumsikia, hakuweza hata kumlaumu. Alimsugua Bi Naila mgongo na kumuuliza maswali. Watoto wangapi, majina yao nani, nguru mkubwa kuliko wote aliyewahi kumuuza alikuwa na uzito gani. Majibu yalikuwa yakichelewa. Kwenye swali la nguru hakujibu, na Mwanamvua akamuuliza tena, na tena.

Mlango ulitoa mlio mdogo, wala haukuwa mlio mkubwa wa kutisha. Mwanamvua hakuamini, akamburuta mwenzake mpaka pale, akabonyeza kitufe cha kijani kwa kiwiko. Mlango ukasogea. Joto la mchana wa Bagamoyo likamwagika juu yao kama maji. Walianguka pamoja sakafuni nje. Saa ya ukutani ilionyesha wamekaa ndani dakika hamsini na mbili. Mrisho aliwakuta hapo, kofia yake bado kichwani, akakimbia kutafuta bajaji.

Baadaye Mina alieleza alivyofanya. Hakuzigusa zile sehemu sitini na moja. Aliingia ndani ya angalia yenyewe, akaufuta mstari wa saba tu, ili iandike kosa na kuiacha programu iendelee. Hakuwa ameagizwa hivyo. Alisema simu ilipokatika alikuwa karibu kuomba ruhusa, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumwomba, akafanya.

Bi Naila alilazwa siku tatu kwa ajili ya kifua. Alipotoka, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki vimekufa ganzi, na mpaka leo hawezi kumpasua pweza bila kutazama kisu kiko wapi. Mwanamvua hakulazwa. Aliogeshwa maji ya uvuguvugu na jirani, akarudi chumbani kwake kumgeuza mama.

Mikdad alikuja jioni ileile, amenyong'onyea. Kuhusu kitufe hakubishana hata kidogo. Alikiri kwamba kukipitisha kwenye kisanduku lilikuwa kosa lake, na wiki iliyofuata aliweka mlangoni mpini wa chuma ambao mtu aliye ndani huusukuma kwa nguvu zake mwenyewe, bila umeme wala programu. Lakini Mwanamvua aliposema kwamba majina nayo yabadilishwe, yote, kwenye programu nzima, Mikdad aliona ni hofu tu inayosema. Kulikuwa na kazi nyingine zinazosubiri. Aliandika ripoti fupi kwamba chanzo ni waya.

"Waya ndio uliokatika," alimwambia. "Jina halikukata waya."

"Waya ulikatika mara moja," Mwanamvua alijibu. "Jina limetufungia mle ndani mara mbili baada ya hapo. Dakika kumi na mbili, Mikdad. Na mara ya pili nilitufungia mimi, niliyeliweka jina lenyewe."

Mikdad hakumpa ruhusa wala hakumkataza. Mwanamvua aliianza kazi hiyo, yeye na Mina, kwa simu kila asubuhi. Waligundua kwamba shida haikuwa ufupi wa majina. Majina yao yalisema fanksheni inaanza na nini, wakati anayezitumia anataka kujua kosa likitokea itamwacha wapi. Je, kosa litarudishwa kwake alishughulikie mwenyewe? Kosa litaandikwa na safari iendelee? Au kila kitu kitazimwa? Angalia wakaiita zima_yote_kukiwa_na_kosa. Jina lilikuwa refu, nalo lilichukiza kuliandika. Mara tu walipolibandika katika zile sehemu sitini na moja, Mina alikuwa wa kwanza kuona jambo: karibu kila mahali lilionekana la kipuuzi. Kwa nini kipimajoto kimoja kizime mlango? Hakuna aliyekuwa amejiuliza hivyo wakati pameandikwa angalia. Walilibakisha mahali panne tu. Sehemu zilizobaki wakaziwekea fanksheni nyingine, andika_kosa_endelea.

Angalia2 iliwatesa siku mbili. Kila jina walilolijaribu lilidanganya, na mwisho wakafahamu ni kwa nini. Ile fanksheni mara mbili za kwanza ilipuuza kosa, na ya tatu ikazima. Ilikuwa na tabia mbili katika mwili mmoja, na hakuna jina la kweli ambalo lingeweza kuibeba. Waliipasua ikawa mbili, na kila moja ikapata jina lake bila taabu.

Walipomaliza, Mwanamvua alikwenda kwa Bi Naila. Alikuwa ameandika majina yote kwenye karatasi, ya zamani upande mmoja na mapya upande wa pili. Alimkuta uani anachambua mchele kwa mkono mmoja. Alimwomba jambo moja tu: yeye Mwanamvua amsomee kila neno, naye Bi Naila aseme akilisikia anategemea kitatokea nini. Bi Naila aliuliza kama ni mtihani. Kisha akakubali, maana alitaka na yeye kujua neno lililokuwa likitafutwa siku ile lilikuwa lipi.

Mwanamvua alianza na la zamani. "Angalia."

"Mtu akiniambia angalia, natazama," Bi Naila alisema.

"Basi?"

"Basi. Nikitazama siifungi nyumba, wala sizimi taa." Akamtazama Mwanamvua. "Ndilo hilo?"

Mwanamvua akasema ndilo. Alisema pia kwamba ni yeye aliyelitunga. Alikuwa hajamwambia mpaka siku hiyo. Bi Naila hakumfariji. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema asome yaliyobaki, na asome polepole. Mapya aliyapata yote isipokuwa moja, na hilo moja Mwanamvua alilikata kwa kalamu palepale na kwenda kulibadilisha.

Kampuni ilikuwa na vyumba vingine vitano kwenye pwani ile, kuanzia Bunju kuelekea kaskazini. Vitatu vilitumiwa programu mpya kupitia mtandao. Viwili havikuwa na mtandao, na ilibidi mtu aende mwenyewe kuiweka, kisha aingie, afunge mlango na kuujaribu kutoka ndani mpini mpya ambao Mikdad alikuwa ameuweka na huko. Mwanamvua alikwenda na Mina. Chumba cha kwanza alifika mpaka kizingitini, akaweka mguu mmoja ndani, miguu yote ikakataa. Alisimama pale mpaka watu wakaanza kutazamana. Mina alimvua kofia ya sufu kwa upole, akaivaa, akaingia yeye. Mwanamvua alibaki nje, kiganja kimebandikwa mlangoni, akihesabu kwa sauti. Alifika nane. Mina akatoka anacheka, akaandika kwenye daftari kwamba mpini unafanya kazi.

Mwanamvua bado yuko Dunda, na bado ni mwajiriwa wa Mikdad. Mama yuko vilevile. Kile chumba cha uani alikihama. Alitoa meza mpaka barazani, wapita njia wakamwona na kompyuta yake kutwa, vumbi likiingia kwenye vitufe. Wanaokuja na vyeti wameongezeka. Jioni hufunga kompyuta na kuingia ndani kulala, na mlango wa chumba huuacha wazi, umezuiwa kwa kinu.